Safu ya Saba

Fomu ilitoka ofisi ya mkoa ikiwa na safu saba:
jina, mtaa, idadi ya walaji,
kuni au mkaa, kiasi kwa mwezi,
mtungi wa gesi, upo au haupo,
na ya mwisho, finyu kama ufa wa mlango: Maoni.

Nikapangiwa Mabatini, upande wa mawe.
Huku nyumba hazina namba, zina majabali.
"Panda mpaka jiwe lililolala kama ndama,
ukisikia kikohozi, umefika kwa Mama Holo."
Nikapanda, shati limegandia mgongoni.
Chini yangu ziwa limetandazwa kama bati jipya,
na paa za Igogo zinalikonyeza.

Mpango wenyewe huusoma usiku,
kurasa mia na kumi na mbili.
Unasema hewa ukaa itashuka kwa theluthi.
Unasema vivuko vya umeme, taka zigeuke gesi,
miti kutoka Magu hadi Sengerema.
Ni mpango mzuri. Nasema kweli, ni mzuri.
Ila nimeupekua wote,
hakuna ukurasa unaonuka moshi.

Mama Holo Masanyiwa anabanika mapanki.
Minofu ya sangara imepanda ndege,
vichwa na mifupa vimepanda mlima,
kichwani kwake, ndani ya ndoo.
Ukuta nyuma yake ni mweusi
kama sufuria la msibani.

"Wangaluka," akasema. "Kaa hapo, mwanangu,
usije ukanianguka na makaratasi ya watu."
Nikakaa.

"Mkaa, magunia mangapi?"
"Mkaa nitautolea wapi? Kuni."
"Kuni za wapi?"
"Za mti ambao haukuwa wangu."
Nikaandika: chanzo hakijulikani.

Akageuza kichwa cha sangara, mafuta yakalia motoni.
"Na ile ndege inayobeba minofu,
nayo mmeipitia na fomu?"
Nikataka kumwambia anga si la mkoa.
Nikatazama moshi wake ukilivuka jiwe,
ukilivuka bati la jirani, ukienda zake
bila kuuliza mpaka wa wilaya uko wapi.
Nikanyamaza.

Usidhani anautetea moshi.
Anaye mjukuu, Ngollo, ana miaka minne,
kifua chake kinapiga filimbi usiku.
Na yeye mwenyewe alikuwa na kibanda Mwaloni,
mpaka mwaka ule ziwa lilipoinuka,
likaingia ndani bila hodi,
likakaa miezi, likala kizingiti na meza ya kuuzia.
"Wakasema ni hali ya hewa imeharibika.
Nikasema sawa. Nani kaiharibu?
Wakasema sote.
Sote! Hiyo sote imeanza lini?
Kwenye minofu sikuwemo."

Zilibaki safu mbili.
"Mtungi wa gesi, mama. Upo, haupo?"
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata,
akashika ukuta, akafuta macho kwa ncha ya khanga.
"Upo. Tuligawiwa, siku ya sherehe, na picha tukapigwa.
Gesi ikaisha siku ya kumi na tisa.
Kuujaza ni bei ya ndoo sita za mapanki."
Akaninyooshea koleo:
"Si huo umeukalia."

Nikainuka kama niliyekalia kaburi la mtu.
Mtungi wa kijani, umefunikwa kipande cha kanga.
Nikaweka alama ya vema: upo.
Ndiyo kweli. Upo.
Yaliyobaki nikayabana safu ya saba,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
yakafurika pembeni, yakapanda mpaka kwenye nembo.

Ofisini Bwana Lushona akapitisha kidole.
"Safu ya saba usijisumbue nayo," akasema kwa upole.
"Mashine haiisomi."

Wiki ya tatu taarifa ikatoka, ina jalada la kijani.
Jedwali la nne, Mabatini,
kaya zilizohamia nishati safi:
mia mbili na kumi na moja.

Ile moja ya mwisho naijua.
Inakohoa.