Saba na Mbweha

Asubuhi ya Tukuyu. Mvua haijaamua
kama inanyesha au inapumua tu juu ya mabati.
Nimefungua duka, nimebonyeza kitufe,
nimekwenda kuteleka chai,
maana mashine hii huamka kama mzee wa baridi:
kwanza anakohoa, halafu anauliza ni nani,
ndipo anakumbuka jina lake.

Jina lake Saba. Dirisha la Saba.
Kaka Ambakisye aliitoa Mwanjelwa
ndani ya gunia la viazi, imeviringishwa blanketi,
mwaka ule tuliouza ng'ombe.
Kaka hayupo. Gigabaiti mbili za kumbukumbu zipo,
na mimi sina ubavu wa kuziongeza
wala moyo wa kuzitupa.

Juzi alikuja Anyisile na vyeti kwenye bahasha ya kaki.
Anaomba chuo. Ukurasa ukagoma:
Kivinjari chako kimepitwa na wakati.
Akanitazama mimi, si skrini,
kama vile niliyeambiwa ni mimi.

Basi usiku nikaketi kuchagua.

Lile duara la rangi nne, ambalo kila mtu analo,
liliingia, likakaa, likaanza kula.
Vichupo vitatu tu, feni ikalia kama mashine ya kusaga.
Kisha likaniambia kwa adabu: sitakuhudumia tena,
mfumo wako umezeeka.
Mgeni amemaliza ugali wa watu
ndiyo anaona nyumba inavuja!

Ile herufi ya bluu, mzaliwa wa humuhumu ndani,
niliifungua kwa heshima, kama unavyomwamkia mjomba
anayedhani sukari bado shilingi mia sita.
Haikuelewa ukurasa hata mmoja.

Kingine chepesi kama pumba,
sijui kakitengeneza nani, kilikimbia vizuri,
ila kilitaka kujua nilipo,
ninaongea na nani, na namba ya simu. Ya nini?
Nikakitoa nje kabla hakijavua viatu.

Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda.
Watu haohao husema usiache mbachao.
Saa tano usiku, bando limebaki robo,
methali mbili zinagombana mezani pangu
na hakuna hata moja inayojua kupakua.

Nikamchukua mbweha.
Si yule wa leo; yule wa toleo la wakongwe,
ambaye bado kuna mtu, mahali fulani,
anamshonea viraka.
Dakika arobaini kushuka. Umeme uliyumba mara mbili.
Nikazima picha zinazojichezesha zenyewe,
matangazo nikayafungia uani,
nikampa kichupo kimoja, nikamwambia:
kwetu tunakula kidogokidogo.

Halafu kwenye ubavu wa boksi, kwa kalamu nene nyekundu:
FOMU, MATOKEO, BARUA: KARIBU.
MAMBO YA BENKI: NENDA KWA GWAMAKA, ANAYO MPYA.
Nimempa Gwamaka wateja kwa mkono wangu. Inauma.
Lakini kufuli lililolegea
utafungia kuni zako, si mali ya mwenzio.

Leo saa tatu karudi, mabega yamelowa.
Ukurasa unafunguka kichwa kwanza,
halafu mabega, halafu kiuno,
tofauti na Rungwe yetu
ambayo ukungu ukiachia huanza kuonyesha miguu.
Tunangoja. Anyisile anahesabu kwa Kinyakyusa, midomo tu.
Jina. Namba ya mtihani. Wilaya.
Picha imezidi ukubwa.
Hilo si kosa la Saba, namwambia,
hilo ni shavu lako.
Anacheka. Tunaipunguza picha. Tunatuma tena.

Ndaga, anasema,
nami sijui anamshukuru nani kati yetu watatu.

Chai imepoa. Kwenye kona ya skrini
saa ya kaka inachelewa dakika nne.
Sijairekebisha.