Sifuri ya Mwantumu

Mita tisa za mwanzo, Sindeni ni udongo mwekundu.
Kekee inashuka kama kijiko kwenye uji,
naandika: megajuli kumi na mbili kwa mita ya ujazo,
na Fundi Sechambo anapiga miayo.

Ya kumi na nne, mtambo unabadili sauti.
Hapo ndipo Handeni inapokunja ngumi.
Dakika zinapita, jino halijashuka hata kidole;
msokoto unapanda, sindano ya geji inatetemeka
kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe.
Naandika: mia tatu arobaini.
Nafuta, napima tena.
Mia tatu arobaini na sita.

"Hiyo namba yako," anasema Sechambo,
kiganja juu ya bomba, macho kayafumba,
"mimi naipata hapa, kwenye mfupa wa kiwiko.
Usiku nitashindwa kushika tonge."
Hakuwa anajisifu. Alikuwa anaomba dizeli.

Dizeli, lita kumi na tisa kwa saa:
nyingi inaishia kwenye moshi, kelele, joto,
na unga wa jiwe uliosagwa mara mbili bila sababu.
Kinachokata hasa ni kidogo,
kama neno la kweli katika kikao cha kijiji.

Mwantumu alisimama ukingoni mwa kamba,
ndoo tupu kichwani, hakuishika.
"Unapima nini, mwanangu?"
Ukaidi wa jiwe, nikamwambia.
Gharama ya kulivunja, punje kwa punje.
"Basi nipime na mimi.
Kutoka lamboni hadi hapa, ndoo ya lita ishirini,
tangu nilipovunja ungo."

Nikafungua ukurasa safi.
Uzito, kilo ishirini. Umbali, kilomita nne na nusu.
Njia tambarare kama mkeka.
Nikakumbuka ubao wa fizikia, chaki, sauti ya mwalimu:
kani inaelekea juu, mwendo unaelekea mbele,
kazi iliyofanyika ni sifuri.

Sifuri.
Niliikagua ile kanuni pindo hadi pindo
kama mtu anayesaka kiroboto kwenye shuka.
Iko sawa. Nilifundishwa vizuri.
"Ni nyingi?" akauliza.
Nikajibu kwamba geji inahitaji marekebisho.

Saa kumi na robo, mita ya hamsini na mbili,
sindano ikaanguka.
Mia tatu thelathini, mia tatu ishirini na tano, halafu tisini.
Ufa.
Sechambo alifumbua macho kabla sijainua kalamu.
Unga uliokuwa ukitupiga usoni
ukatoka wa kijivu, ukatoka mzito, ukatoka tope.
Mtu akasema *mazi*, kwa Kizigua, taratibu,
kama anayeogopa kuyaamsha.
Labda yanatosha. Labda ni ndoo kumi, kisha kimya;
hilo hupimwa kesho, kwa chombo kingine.

Jumatatu nilipeleka ripoti Tanga mjini,
kurasa sita, kila mita na gharama yake.
Ukurasa wa saba niliuchana, ninao mfukoni.
Una jina, una uzito, una umbali,
na penye jibu kalamu ilikandamizwa
mpaka karatasi ikatoboka.