Sarafu ya Dakika Tatu

Niliingia kwa sababu ya mvua, sitaki kudanganya.
Basi la kushuka Palermo liliniacha nikilipungia,
na pale Monreale mlango pekee uliokuwa wazi
ulikuwa wa kanisa kuu.

Ndani, giza. Harufu ya nta na makoti yaliyolowa.
Nilijua dhahabu imo, picha zake nimezitazama tangu shule,
lakini kuta zilikuwa zimefumba macho
kama mtu anayejifanya amelala ili mgeni asimwombe kitu.

Kwenye nguzo palikuwa na kisanduku cha chuma:
kinameza yuro moja, kinatema mwanga wa dakika tatu.
Mzee mmoja, fimbo kwapani, alikuwa anakipapasa.
"Sarafu ninayo," akaniambia. "Tundu ndilo limenipotea."
Nikamshika kidole, nikakiongoza.
Tak.

Na ukuta ukaamka.

Sikupiga magoti wala sikupiga picha.
Nilirudi nyuma nikamkanyaga mtu, nikasahau kuomba radhi.
Juu ya altare, Kristo amekunjua mikono
(mkono wake mmoja ungefunika sebule ya mama yangu),
na dhahabu inatiririka kutoka ukuta hadi ukuta,
Nuhu na mafundi wake na misumeno,
Yakobo usingizini, kichwa juu ya jiwe,
vyote kwa vijiwe vya kioo visivyozidi punje ya mahindi.
Haba na haba, sawa. Lakini hiki ni kibaba gani?

"Niambie unachoona," alisema mzee.
Ndipo nikayaona macho yake:
meupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Nunzio Spataro. Miaka thelathini na minane juu ya majukwaa,
akirudishia vijiwe vilivyodondoka.
"Kijiwe usikilaze sawasawa," alisema, kiganja kikionyesha.
"Ukikilaza, kitalala. Kiinamishe kidogo,
nacho kitamtafuta kila mwenye mshumaa."

Kiitalia changu kilikuwa cha kuungaunga,
chake Kisisilia kilichotafunwa mwisho wa kila neno.
"Tafuta mnara wa Babeli," akaniagiza,
nami nikacheka kimoyomoyo: tulikuwa tumeshaingia.

"Wapo wajenzi. Mmoja amebeba chokaa. Tazama goti lake."
"Goti?"
"Kijiwe kimoja, kijani. Kilitakiwa kiwe rangi ya udongo.
Siku ile walinipigia kelele kutoka chini: Rosolina amezaliwa!
Mkono ukachota katika kisanduku kingine.
Niliona. Chokaa ilikuwa bado mbichi.
Nikakiacha."

Tak. Giza.
Zamu ya sarafu yangu. Nikaupanda mnara kwa macho,
nikamshuka yule mjenzi: bega, kiuno, paja
tak, giza.
Nyingine.
Nyingine tena.

Mwisho akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:
"Umekiona?"
Ulimi ulikuwa umeshaiandaa *ndiyo*.
"Hapana," nikasema. "Sijakiona."

Akacheka mpaka mlinzi akatugeukia.
"Wote huniambia wamekiona! Mapadri, wanafunzi,
hata Rosolina mwenyewe, na yule haoni mbali."
Akanipigapiga begani kama ajaribuye plasta iwapo imekauka,
akaondoka, fimbo ikihesabu nguzo.

Nje mvua ilikuwa imekwisha,
na basi lilikuwa linangoja, milango wazi.
Nikapekua mifuko. Nauli nilikuwa nimeila kwa macho.

Nikaushuka mlima kwa miguu hadi mjini,
nikitazama magoti ya watu.