Jino la Mnunuzi wa Kahawa

Budadiri, msimu umeiva, foleni imepinda
kutoka kwenye mizani yangu hadi kwa fundi cherehani.
Ile mashine ya kupima unyevu iko ofisini Mbale,
betri yake ilikufa tangu Pasaka.
Mimi nina jino.

Natwaa punje, naiweka kwenye gego, nauma.
Ikilia ka! imekauka, lete;
ikibonyea kama ndizi iliyochemshwa, rudisha juani.
Sihesabu. Sifikiri. Kabla ulimi haujajua
mkono umeshaandika bei.
Miaka kumi na tisa hivyo. Watu arobaini kabla ya saa nane,
na mvua ya Masaba haimngoji mwenye kutafakari.
Atakayepima kila punje
atanunua kikombe kimoja, na watu watalala barabarani
na magunia yao kwa mto.

Kwa hiyo silitukani jino.
Limenilipia karo ya watoto wanne.

Lakini jino lina jirani, naye ni jicho,
na jicho halingoji kuuma.

Mwaka ule mtu mmoja wa ng'ambo ya mto Sironko
aliniuzia gunia lililofungwa kwa kamba ya mgomba.
Juu kahawa, katikati kahawa,
chini mawe ya mtoni, mazuri, yameoshwa.
Kilo kumi na moja! Niliyapima tena usiku, peke yangu,
kama mtu anayejihesabia matusi.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
ung'ongo wangu ukawa kamba ya mgomba.
Magunia mangapi yamepita na kamba hiyo, safi, kabla na baada?
Mia. Elfu. Sikumbuki hata moja.
Yale mawe nakumbuka hata rangi.

Akaja Wamimbi, kijana,
gambuti lake moja lina kiraka cha tairi,
gunia limefungwa unajua kwa nini.
Nikasema, "Huyu, punguza mia tano kila kilo."
Hakubishana. Aliliinua gunia, akalitua begani,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:
"Mbona hukuuma?"

Nikacheka. Foleni ikacheka nami,
maana foleni humcheka yeyote mwenye mizani asiyemcheka.

Alasiri hiyohiyo akashuka mtu kwenye pikapu,
shati jeupe, viatu vinameta, kalamu mbili mfukoni.
Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita Mzee.
Niliuma punje moja, ya juu, kwa adabu tu.
Ka!
Nikanunua magunia kumi na mawili.
Mbale waliyafungua: ukungu,
harufu ya godoro la mtoto anayekojoa.
Mshahara wangu wa miezi mitatu ukaondoka
kimya, kama Wamimbi.

Sijaacha. Utaachaje?
Kesho ni watu hamsini, na wingu liko palepale.
Ila nimefunga kipande cha kamba ya mgomba
kwenye ndoano ya mizani, kifupi kama kidole.
Mkono ukitangulia, unakigusa.
Siku nyingine unasita. Siku nyingine unapita tu.
Wamimbi sasa anauza kwa Nambozo, upande wa pili wa barabara.
Nambozo huuma mara mbili, na foleni yake ni ndefu,
na mvua humnyeshea.

Juzi maumivu yaliniamsha usiku.
Nikaenda kwa daktari wa meno. "Lipi?" akauliza.
Nikaonyesha bila kusita: hili, la nyuma, la juu.
Ndilo la kazi; lingekuwa lipi lingine?
Akagonga kwa kijichuma, moja moja, taratibu,
kama mtu asiye na foleni.

La juu lilikuwa zima.
Ufa ulikuwa kwenye lile la chini yake,
lililokaa kimya miaka yote
likipokea kila pigo.