Ukurasa wa Themanini na Nane

Mhariri alitaka uzito wa upanga.
Nikauweka kwenye mizani ya jikoni, kando ya unga:
gramu mia sita na kumi, alumini na gundi,
mpini umevikwa ngozi ya kiti cha gari bovu.
"Haiwezekani," akasema Haldane kwenye simu,
"upanga wa mfalme hauwi mwepesi kuliko kuku."
Basi nikaandika: kilo mbili na robo.
Nikaongeza: ulifuliwa kwa chuma kilichoanguka toka mbinguni.
Kalamu haikutetemeka.

Ndivyo kitabu kilivyoanza,
hapa Upper Hutt, katika gereji ya mama,
jiko la mafuta miguuni, na upepo wa kusini
ukigonga mabati kama mtu anayedai deni.

Nilichora shoka, likafuata rungu lenye miiba.
Nilipasua upinde wa kufyatua, nikautandaza karatasini
vipande kumi na vinne, kila kimoja na namba yake.
Kipande cha tisa hakina kazi.
Nilikichora kwa sababu ukurasa ulibaki na nafasi.

Kisha vita vyenyewe, kurasa mbili zilizokunjuka:
mishale myekundu ya wino kutoka mashariki,
mishale ya samawati ikishuka mlimani,
mto katikati, joka kwenye kona ya juu.
"Waliokufa?" akauliza Haldane.
Elfu nne mia sita na kumi na wawili, nikamjibu,
maana namba isiyo na sifuri huaminika.

Nami nilikuwepo siku walipopiga picha.
Jeshi zima lilikuwa watu arobaini wa Masterton.
Ngaire Paewai, dereva wa basi la shule,
alikufa mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana;
ya kumi na mbili akapitiwa na usingizi matopeni,
na mwongozaji akamsifu kwa kipaza sauti
jinsi anavyojua kufa.
Nilimkuta akila pai ya nyama, mshale ungali shingoni,
hujui ipi sosi, ipi damu.

Kitabu kikatoka, jalada gumu, rangi tupu.
Baada ya miezi mitatu ikaja barua kutoka Naenae,
mwandiko wa mtoto, Eruera, miaka kumi:
"Ukurasa wa 88. Mishale yote inakwenda.
Hakuna hata mmoja unaorudi.
Majeruhi mliwaweka wapi?
Tena, kipande cha tisa kinafanya nini?"

Nikacheka. Nikampa mama asome.
Hakucheka.
Mama aliwahi kuwa muuguzi Vietnam, miaka miwili,
na kuhusu hiyo miaka miwili
nilichowahi kusikia ni kwamba mvua ilikuwa ya moto.
Alivaa miwani, akakunjua vita vyangu mezani,
akaondoa kikombe cha chai,
akachukua penseli yangu bila kuomba.

"Si hapa," akasema, "maji yatapanda usiku.
Wala hapa, watasikia kelele za wenzao.
Nyuma ya hiki kilima.
Na njia iwe pana, machela mbili zipishane.
Hii ya kwako haipitishi hata moja."
Akachora mahema sita. Akasita.
Akachora la saba, mbali kidogo na mengine,
na hilo hakulieleza.

Haldane alilalamika kwamba mahema yamebana mkia wa joka.
Nikaukata mkia.

Toleo la pili lipo madukani, ukilitafuta.
Nyuma ya kilima, bila namba wala maelezo,
kuna mistari midogo ya penseli
ambayo mpiga chapa alidhani ni uchafu,
karibu aifute.
Idadi ya waliokufa sikuibadilisha; sikujua niiweke ngapi.
Eruera nilimtumia nakala,
nikamwandikia ukweli juu ya kipande cha tisa.
Alijibu kwa mstari mmoja:
"Nilijua. Lakini kiacheni."