Akiba

Kitabu nilikiokota stoo ya chuo cha ualimu,
hakina jalada, mchwa wamekula pembe.
Kinamtaja Mjerumani mmoja wa Berlin
aliyekaa na saa yake na daftari
akakariri silabi zisizo na maana, elfu mbili na ushei,
mwenyewe mwalimu, mwenyewe mwanafunzi,
kisha akangoja asahau.
Akapima usahaulifu kama karani apimavyo tumbaku:
dakika ishirini, kiasi hiki kimekwenda;
saa moja, zaidi ya nusu;
mwezi mzima, na kidogo kilichobaki
kimeng'ang'ania kama masizi ya sufuria.

Alichapisha mwaka elfu moja mia nane themanini na tano.
Mwaka huohuo, kwa karatasi nyingine,
wenzake walikuwa wakijigawia nchi yetu.
Boma lao bado limesimama hapa Tabora.
Hilo hatukulikariri,
wala hatujalisahau.

Mama yangu, Kalunde binti Msabila,
aliuza chai na mayai ya kuchemsha stesheni
miaka thelathini na mmoja.
Siku hizi jina langu linamponyoka.

Nilitaka kumpima. Nakiri.
Nilikata boksi la sabuni nikapata kadi,
nikaandika upuuzi kwa kalamu nene.
Upuuzi ni kazi ngumu kwa Kiswahili,
kila ukigeuka neno linakuitikia,
lakini nilipata minne:
ZEFU. LUBO. NYAKI. DOMWE.

Mama akavaa miwani yenye uzi.
"Zefu alikuwa fundi breki, mguu mmoja mfupi.
Lubo alikopa chapati sita akahamia Mpanda.
Nyaki... huyo tusimseme, ana watoto."
Domwe alimtazama muda mrefu.
"Wewe sikujui," akaiambia kadi,
"lakini kaa, chai ipo."

"Na mimi?" nikauliza.
Akanipima kuanzia viatu.
"Wewe unasafiri na treni ya saa ngapi?"

Nikazitia kadi jikoni, zikawasha mkaa.

Kuna neno moja la yule mzee nimelibakiza: akiba.
Anasema ulichosahau, ukikirudia,
utakipata upesi kuliko mara ya kwanza.
Maana yake hakikutoka.
Kimetuama chini ya kikombe
kama sukari ambayo hakuna aliyeikoroga.

Basi kila alfajiri namkoroga mama.
"Mimi Mgalula. Mwanao. Wa pili,
niliyezaliwa mwaka wa mafuriko ya reli."
Nahesabu dakika hadi uso wake unifungukie.
Jumatatu kumi na nne.
Jumatano kumi na moja, nikafurahi, nikanunua nyama.
Jumapili kumi na tisa.
Mstari wangu hauteremki vizuri kama wa Berlin,
unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi kule Kwihara.
Yule alikariri visivyo na maana
ili maana isimharibie hesabu.
Mimi sina silabi hata moja iliyo safi.

Juzi usiku treni ya Kigoma ilipiga honi.
Mama akaketi kitandani, macho amefumba,
mkono umeshika birika lisilokuwepo:
"Usoke. Urambo. Kaliua. Usinge."
Nikadakia gizani, maana nilifundishwa nikiwa mgongoni mwake:
"Uvinza. Kazuramimba. Luiche..."

"Umeruka Nguruka, Mgalula," akasema.
"Watu wa Nguruka nao wanakunywa chai."

Akalala.
Sikuwa na saa mkononi. Taa ilikuwa imezimwa,
na daftari lilikuwa chumba cha pili.

Asubuhi akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.
Nikaandika: kumi na saba.