Kinyumenyume

Mzee Alioni aliingia dukani na bahasha,
ndani picha moja, kona imeliwa na mende.
Alitaka uso wa mkewe, ukubwa wa sahani,
wa kuweka msalabani, kesho kutwa, saa nne.

Nikaiskani. Ikatokea kwenye kioo changu cha zamani,
chenye kisogo kirefu, kizito kama gunia la mihogo mibichi,
na shavu la kushoto la marehemu
lilikuwa zambarau,
paji la uso kijani, kijani cha dimbwi.

"Huyu siye."
Nikamwambia kosa liko kiooni, si usoni,
karatasi itatoka safi.
Akavuta kiti. "Mimi nilioa mwanamke mweusi,
mwenye wekundu kidogo hapa," akagusa shavu lake mwenyewe.
"Sitii sahihi mpaka nimwone."

Mkosaji nilimjua.
Ezati, kaka yangu, miezi minne
aliegemeza spika yake ubavuni mwa kompyuta,
ile ya harusini, iliyosikika kutoka Arua hadi Koboko
kama ungemwamini,
sumaku mgongoni mwake nene kama bonge la ugali.
Asubuhi moja akainyakua, spika na begi,
akadandia lori la Juba bila kuaga.
Alichoacha ni deni la dizeli
na doa hili.

Nyuma ya kioo kuna chujio la chuma,
matundu yake hata punje ya simsim haipenyi.
Miali mitatu hupita hapo, mwekundu, wa kijani, wa buluu,
kila mmoja na mlango wake.
Chuma kikishika usumaku
miali hupotea njia, huingia nyumba ya jirani.
Chuma hakina ubaya. Kinakumbuka tu
aliyekaa karibu nacho.

Kitufe cha kukisafisha kipo, ila kilikufa.
Zamani ukikibonyeza kiliguna, ngoooom,
picha ikatikisika kama uji bakulini.
Sasa kimya.

Nikatoa chini ya meza pete ya waya wa shaba,
nimeing'oa kwenye televisheni iliyoungua ya baa ya Candiru
na kuifunga utepe mweusi.
Nikavua saa. Disketi zote nikazipeleka kwa muuza vitenge.
Uani jenereta ikakohoa, ikashika.

Mzunguko. Mzunguko. Mkono mbele ya kioo
kama wa mtu anayepangusa dirisha asiloligusa,
na uso wa mama yule ukavurugika,
ukatapika rangi zote.
Mzee akasimama: "Unamwumiza."

Hapa ndipo wengi wanapokosea.
Wakiona rangi zimechachamaa huogopa,
hukata umeme palepale karibu,
na doa hubaki baya kuliko la kwanza.
Inatakiwa uondoke ukiwa bado unazungusha,
hatua,
hatua,
kinyumenyume,
mvuto ufifie kidogo kidogo,
chuma kisijue ni lini hasa ulikwenda.

Nikapita kabati. Nikapita kiti cha mzee.
Kisigino kikagonga kizingiti, nikatoka barazani,
waya umenyooka, wapita njia wakicheka
mwanamke anayeipungia kompyuta mkono.
Nikazima.

Ezati nilimfundisha mzunguko.
Hatua za nyuma
tulikuwa hatujazifikia.

Niliporudi ndani mzee alikuwa ameinama,
pua karibu iguse kioo.
Kwenye kona ya chini imebaki zambarau, kiasi cha ukucha;
hakuiona, au aliisamehe.
Mkewe alikuwa mweusi, wekundu kidogo shavuni.
Hakusema ndiye. Alisema,
"Hiyo blauzi niliinunua Ariwara.
Nilimwambia ni ya buluu. Miaka kumi na mmoja akabisha,
kijani, kijani."
Akatazama tena, muda mrefu,
jenereta ikila dizeli yangu.

"Ni kijani," akasema,
akaomba kalamu.